Siku nne bila nguo pwani ya Istria: tathmini ya fundi cherehani wa Moshi

Mimi ni fundi cherehani. Kwa miaka 21 nimekula na kusomesha watoto kwa kuwavisha watu, katika chumba kimoja cha duka kisicho mbali na soko la Mbuyuni hapa Moshi, na msomaji anaweza kukisia nilivyojisikia jioni ile mume wangu aliponieleza, macho yakiwa kwenye bakuli lake la mtori, kwamba rafiki zetu wa Leipzig, Ujerumani, wametualika tukakae nao siku nne kwenye kituo cha mapumziko cha ufukweni ambacho wageni wake hawavai nguo. Nilimwomba arudie. Akarudia, kisha akaongeza kwa haraka kwamba kofia inaruhusiwa.

Tulikwenda, mwanzoni mwa Septemba, na tumerudi tukiwa bado mume na mke. Ninaandika tathmini hii kwa sababu tangu shoga zangu wawili waipate habari hiyo nimekuwa nikiulizwa maswali kwa kunong'ona, mengi yakiwa ya kucheka, machache yakiwa ya mtu anayetaka kweli kujua huduma ikoje, gharama ikoje, na wanandoa wanaofika mahali kama hapo kwa mara ya kwanza wajiandae vipi. Jina la kituo silitaji, kwa kuwa nina manung'uniko yangu na sipendi kumharibia mtu biashara. Inatosha kusema kwamba kiko Kroatia, kwenye pwani ya magharibi ya rasi ya Istria, kati ya miji ya Poreč na Rovinj, ambako vituo vya namna hiyo viko kadhaa.

Pwani hiyo haikuanza jana. Kituo cha Koversada, karibu na mji wa Vrsar, kilifunguliwa mwaka 1961, nchi ikiwa bado Yugoslavia, serikali yake ikihitaji fedha za kigeni na Wajerumani wakitafuta mahali penye jua pa kuendeleza desturi waliyokuwa nayo tangu mwishoni mwa karne ya 19. Wao huiita Freikörperkultur, yaani utamaduni wa mwili ulio huru, na herufi zake tatu, FKK, ndizo zinazoandikwa kwenye mabango ya barabarani. Mwenyeji wetu, mzee ambaye mume wangu alimwongoza kupanda Kilimanjaro miaka mingi iliyopita na urafiki ukakolea hapo, alikulia Ujerumani Mashariki, ambako kuogelea bila nguo ziwani na kwenye Bahari ya Baltiki lilikuwa jambo la kawaida, na haoni ajabu yoyote ndani yake. Ajabu niliiona mimi. Leipzig ndiyo iliyotuletea wamisionari wa Kilutheri huku Uchaggani mwaka 1893, na marehemu bibi yangu alipenda kusimulia jinsi mama yake alivyopewa kitambaa chake cha kwanza siku ya ubatizo. Sasa vitukuu wa waliotuvisha wanatualika tuvue.

Kabla ya kukubali tulizungumza kwa wiki tatu, na nikiulizwa leo ni nini kilichotusaidia zaidi, nitasema ni wiki hizo tatu. Hofu yangu kubwa haikuwa kuonekana. Nilidhani maneno "ufukwe wa uchi" ni pazia la mambo ya watu kubadilishana wake, na sikutaka kusafiri kilomita maelfu kwenda kuvunja nyumba yangu. Baba Neema naye, ambaye nilimdhania ana moyo wa jiwe kwa kuwa amezoea kambi ya Barafu na Stella Point huko juu Kilimanjaro, alikiri usiku mmoja kwamba anaogopa tumbo lake litachekwa. Tulikubaliana kwamba yeyote kati yetu anaweza kujifunika wakati wowote bila kuulizwa sababu, kwamba mmoja akitaka kuondoka tutaondoka wote, na kwamba kwaya ya akina mama haitaambiwa. Sharti hili la mwisho, kama mnavyoona, mimi mwenyewe nimelivunja. Kuhusu hofu yangu, mzee alinisomea masharti ya kituo kwenye simu, neno kwa neno: tendo lolote la kimapenzi hadharani ni kosa la kufukuzwa siku hiyohiyo bila kurudishiwa fedha. Ninamshauri kila anayefikiria safari ya aina hii aulize jambo hilo waziwazi kabla ya kulipa, kwa sababu zipo sehemu za Ulaya ambako mambo hayo mawili yamechanganyika.

Viza haikuwa ngumu kuliko viza nyingine. Kroatia iliingia eneo la Schengen na kuanza kutumia euro siku moja, tarehe 1 Januari 2023, kwa hiyo viza moja tuliyoomba kwa Wajerumani, ambako tungekaa siku nyingi zaidi, ilitosha kwa nchi zote mbili. Ada ilikuwa euro 90 kwa kila mmoja, na bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000 ni lazima. Aliyepokea maombi yetu aliuliza Kroatia tunakwenda kufanya nini. Baba Neema akajibu kwamba tunakwenda kuogelea, jambo ambalo halikuwa uongo.

Kutoka Leipzig hadi Istria ni karibu kilomita 1,000 kwa gari, nasi tulilala njiani Austria. Tulifika kituoni saa tisa alasiri, na hapo ndipo manung'uniko yangu yanapoanzia. Msichana wa mapokezi, aliyekuwa amevaa sare kamili, jambo lililonituliza kidogo, alichukua pasi zetu, akatutoza kodi ya utalii ya kila mtu kwa kila usiku, akatufunga bangili za karatasi mkononi, akatukabidhi ramani pamoja na karatasi ya masharti katika lugha nne. Basi. Hakuuliza kama tumewahi kufika, wala hakueleza chochote, na mgeni wa mara ya kwanza hahitaji ramani kama anavyohitaji mtu wa kumwambia mambo madogo: nguo zinavuliwa kuanzia wapi, dukani mtu anaingiaje, mkahawani anakaaje, taulo ni la nini.

Taulo ndilo jambo lenyewe. Huko mtu hakai juu ya kiti, benchi wala kitanda cha kuota jua bila kutandika taulo lake mwenyewe, na sharti hilo linashikwa kwa ukali kuliko jingine lolote. Hili nililielezwa na mke wa mzee. La pili nililijua kwa kuaibika. Asubuhi ya kwanza nilikwenda kwenye bwawa nikiwa na vazi langu la kuogelea, kwa nia ya kuanza taratibu, nikaketi ukingoni na kutia miguu majini. Mlinzi wa bwawa akanipigia filimbi mbele ya watu wapatao 30, akaelekeza kidole kwenye vazi langu na kutikisa kichwa. Bwawani nguo ni marufuku. Nimeishi miaka 49 bila kuaibishwa kwa kosa la kuvaa, na bado ninaamini angeweza kusogea akaniambia kwa sauti ya chini.

Lakini nimeruka mbele. Kabla ya bwawa kulikuwa na jioni ile ya kufika, kwenye nyumba yetu ndogo chini ya misonobari. Nilivua gauni nikalikunja. Nikalikunjua, nikalikunja tena kwa kufuata mishono kana kwamba ninamkabidhi mteja. Nilipogeuka, Baba Neema alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake ya mlimani, miwani ya jua, mkoba mgongoni, na miguuni viatu vyake vya kupandia Kilimanjaro, kwa sababu alikuwa ameambiwa ufukwe una mawe. Kati ya mkoba na viatu hapakuwa na kitu. Nilicheka mpaka nikakaa chini, kwenye taulo.

"Mama Neema," akasema kwa utulivu wa mtu anayewahesabu wapagazi, "tunakwenda au hatuendi?"

Nikajifunga khanga na kumfuata. Ni mwendo wa hatua kama 200 hadi baharini, na mtu wa kwanza tuliyekutana naye alikuwa bibi wa miaka 70 na zaidi, mtupu kabisa isipokuwa kandambili, amebeba mkate kwapani. Alitusalimia kama jirani anavyosalimia jirani na kupita. Mume wangu ndiye aliyenionyesha baadaye maandishi ya khanga niliyoifungasha bila kuyasoma: "Sina siri nina jibu."

Bahari ya Adriatiki ndiyo inayonifanya nikisifu kituo hicho. Aliyezoea Pangani au Tanga, ambako maji hupwa mpaka wavuvi wakatembea kwa miguu pale walipokuwa wakielea asubuhi, atashangaa: huko maji kupwa na kujaa hakufiki hata mita moja, kwa hiyo unaweza kuogelea saa yoyote. Hakuna mchanga wa kusifia. Kuna miamba, changarawe, na majukwaa ya zege yenye ngazi za chuma za kushukia majini, na kwenye mawe wameng'ang'ania viumbe wa miiba kama nungunungu wadogo, ambao ukiwakanyaga utakumbuka jina la mama yako. Viatu vya plastiki vya kuingia navyo majini ni vya lazima. Vile vya Kilimanjaro vilirudi sandukuni siku hiyohiyo. Lakini maji ni maangavu kiasi kwamba nilikuwa nikiviona vidole vyangu vya miguu kwenye kina kinachonizidi, na joto lake, kama nyuzi 24, si la kutetemesha. Mimi kuogelea nilijifunza ukubwani, kule kwenye chemchemi ya Chemka, karibu na Boma Ng'ombe, nikiwa na fulana na suruali ya kubana, na kila nikitoka majini nilikuwa nabeba ndoo nzima ndani ya nguo. Istria maji yalipita mwilini bila kushika popote. Nilielea chali nikitazama misonobari, na kwa dakika kadhaa nikasahau kabisa kwamba kuna kitu sijavaa.

Sasa kuhusu watu. Shule nyingi za Ulaya zilikuwa zimeshafunguliwa, hivyo wageni karibu wote walikuwa wazee wastaafu, na aliyedhani atakwenda kuona warembo wa kwenye kalenda amepotea njia. Kulikuwa na matumbo, mishono ya upasuaji wa goti na wa nyonga, mishipa iliyovimba miguuni, na mama mmoja aliyekatwa ziwa, aliyecheza tenisi ya mezani kila jioni na kuwafunga wanaume. Siku ya kwanza macho yangu yalifanya kazi yaliyozoea: huyu kiuno inchi 44, huyu bega la kushoto limeshuka, huyu angehitaji gauni la mkato wa A. Siku ya pili yalichoka, nikaanza kuona nyuso.

Futi yangu husafiri nami popote. Jirani yetu, mama wa Kislovenia, aliupenda mkoba mdogo wa kitenge niliokuwa nimeuvaa shingoni, ambao niliushona kwa sababu moja tu: mtu asiye na nguo hana mfuko, na mkate unauzwa kwa fedha. Nilimpa. Akataka na gauni, na nikampima palepale kibarazani, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mgongo. Wenzangu wa kazi hii wataelewa. Dukani kwangu mteja akizungushiwa futi kiunoni hubana pumzi, kila mteja, mnene kwa mwembamba, na mimi nimejifunza kuongeza inchi moja na nusu kimyakimya, la sivyo atarudi baada ya wiki akisema nimemwibia kitambaa. Mama yule alisimama akaendelea kunisimulia habari za wajukuu wake, tumbo likipanda na kushuka ndani ya futi kama kawaida. Alikuwa mteja wangu wa kwanza asiyebana pumzi. Gauni nimeshamtumia, na ameniandikia kwamba limemkaa bila kurekebishwa.

Watu walitutazama, sitaficha, ila hawakutazama kilichotutia hofu. Tulikuwa Waafrika wawili peke yetu kwenye kituo chenye mamia ya wageni, na kama tungekuwa tumevaa makoti bado wangetutazama. Wengi walitabasamu. Mmoja aliomba kugusa nywele zangu, nikamkatalia. Siku ya tatu mwanamume mmoja aliyekaa nyuma yetu aliinua simu akiielekeza kwetu. Mke wa mzee akamwona kabla yetu, akaita mfanyakazi, na ndani ya dakika tano yule bwana alikuwa amefutishwa picha mbele yetu na kutolewa ufukweni. Kupiga picha bila idhini ni kosa kubwa huko, na katika jambo hilo kituo kilitulinda vizuri kuliko nilivyotarajia. Kama wangekuwa na wepesi huohuo kwenye kuelekeza wageni wapya, ningewapa alama zote.

Wanaume huuliza swali moja, na huuliza wakitazama pembeni: je, mwili ukijisahau? Nimemuuliza Baba Neema aniruhusu kujibu kwa niaba yake. Anasema woga wa siku ya kwanza hauachi nafasi ya jambo hilo, na kuanzia siku ya pili mazoea yanaliondoa. Lakini ikitokea, mtu hulala kifudifudi au huingia majini.

Kulala kifudifudi kulimletea balaa la aina nyingine. Sisi tulikwenda na imani kwamba mtu mweusi haungui jua, na losheni aliyotununulia mzee tukaiacha chumbani. Siku ya pili Baba Neema alipitiwa na usingizi kwenye jukwaa la zege kuanzia saa tano hadi saa nane mchana, na sehemu ambayo haikuwahi kuona jua tangu azaliwe ikaliona lote kwa mkupuo. Jioni alikula amesimama. Mke wa mzee alileta mtindi baridi wa kumpaka, nami nilimpa pole, ingawa wahenga wanasema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Lawama ya kuungua huko, hata hivyo, naigawa nusu kwa nusu na kituo. Kivuli ni kichache. Misonobari iliyo karibu na maji hutekwa saa kumi na mbili asubuhi na watu wanaotandika taulo zao kisha wakarudi kulala, na mwavuli na vitanda viwili vya kukodi ni euro 25 kwa siku. Nyumba yetu ya vyumba viwili ilikuwa euro 140 kwa usiku, tukagawana na wenyeji wetu. Kwa bei hiyo nilitarajia japo mwavuli mmoja uwe ndani ya hesabu. Usafi, kwa upande mwingine, hauna dosari: mabafu ya wote yalisafishwa mara tatu kwa siku, na mimi niliyakagua kwa jicho la mtu anayetafuta kosa.

Chakula si cha kuandikia habari ndefu. Kome wa ghuba ya Lim, ambayo iko jirani na inasifika kwa kome na chaza wake, walikuwa watamu. Vingine ni viazi na nyama, na bei ni ya watalii. Mkahawani usiku nguo ni lazima, na hapo niliona jambo lililonifurahisha kama fundi: watu waliokaa watupu kutwa nzima hujipamba jioni kwa bidii, mashati yamepigwa pasi, magauni ya kitani, lulu shingoni.

Nani aende? Wanandoa waliozungumza wakamaliza, wanaopenda maji, na wanaoweza kumudu gharama bila kukopa. Anayesukumwa na mwenzake asiende, maana nyumba ndogo ya likizo haina pa kununia. Na wanaonitania kwamba tufungue yetu Pangani wajue kwamba huku nyumbani jambo hilo lingeishia kituo cha polisi, na mahali ambapo mgeni wa Zanzibar huombwa afunike mabega na magoti akiwa mjini si mahali pa kujaribia.

Mwaliko wa mwaka ujao umeshafika. Baba Neema amekubali na ameshanunua losheni, chupa mbili. Mimi nimemwandikia meneja wa kituo barua, mzee akanisaidia kuitafsiri, nikieleza habari ya filimbi, habari ya mapokezi na habari ya miavuli. Amejibu kuhusu mapokezi tu, kwamba watamweka mtu wa kuwaelekeza wageni wapya. Kuhusu miavuli bado nasubiri, na jibu langu kwa Leipzig nalo linasubiri hapohapo.